Wingu la Saa Tisa Kakamega

Asubuhi ya Aprili mjini Kakamega huanza kana kwamba haina neno. Jua linachomoza upande wa msitu, umande unakauka, na kufikia saa sita watu wanatafuta kivuli. Saa nane mawingu meupe yanaanza kujikusanya mashariki, juu ya ukingo wa Nandi, moja moja kama mafungu ya pamba. Saa tisa yameshikana yakawa wingu moja kubwa, kitako chake cheusi kama sufuria iliyopikiwa kwa kuni. Mama mboga anavuta turubai juu ya nyanya zake. Mwendesha bodaboda anatazama juu na kupiga hesabu: je, atamfikisha abiria Shinyalu na kurudi kabla halijamwagika?

Hesabu hiyo hiyo hupigwa na rubani wa ndege ndogo anayetaka kutua mjini humo au kuondoka. Tofauti ni kwamba wa bodaboda akikosea, atalowa tu.

Kiwanja cha ndege cha Kakamega kiko futi 5,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika vitabu vya marubani kinaandikwa kwa herufi nne, HKKG. Si kiwanja cha ukubwa wa Kisumu wala Eldoret. Anayekiendea hategemei mawimbi ya redio yamshike mkono ndani ya wingu na kumshusha hadi kwenye lami. Anakitafuta kwa macho: anauona msitu, anaiona barabara ya Kisumu, anayaona mabati ya mji, kisha anaiona njia ya kurukia na soksi ya upepo inayomwonyesha upepo unavuma kutoka wapi. Chopa za wanasiasa zinazotua karibu na uwanja wa Bukhungu siku za mikutano huja vivyo hivyo. Pasipoonekana hapatui mtu.

Huko kuona ndiko kunakozigawa safari zote za ndege duniani katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wanaoruka kwa macho. Rubani anajiongoza kwa kutazama nje, na ni wajibu wake mwenyewe kuona mlima, mlingoti wa simu na ndege nyingine, kisha kuvikwepa. Fungu la pili ni la wanaoruka kwa vyombo. Hapa rubani anaweza kuwa ndani ya wingu zito asione hata ncha ya bawa lake. Anafuata mishale, namba na sauti ya mwongozaji aliye ardhini, na ili aruhusiwe kufanya hivyo ni lazima yeye awe amefunzwa na kutahiniwa kwa kazi hiyo, na ndege yake iwe na vifaa vyake. Marubani wenyewe huyaita mafungu haya kwa herufi tatu tatu, VFR na IFR, na mpaka mkuu kati yake ni hali ya hewa.

Mpaka huo umewekewa vipimo. Kenya, kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, hufuata viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, na vipimo vyenyewe si vigumu kuvishika. Anayeruka kwa macho chini ya futi 10,000 anatakiwa aweze kuona mbele umbali wa kilomita 5 angalau. Kuanzia futi 10,000 kwenda juu, ambako ndege huenda kasi zaidi, ni kilomita 8. Tena asilikaribie wingu: awe mbali nalo mita 1,500 kwa upande, na futi 1,000 kwa juu au kwa chini. Akiwa chini karibu na ardhi, katika anga ambalo haliongozwi na mnara, masharti hulegezwa kidogo. Inatosha kuwa nje ya wingu na kuiona ardhi, lakini zile kilomita 5 za kuona mbele kwa kawaida zinabaki pale pale.

Kilomita 5 ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Mita 1,500 Wakenya hawahitaji kufafanuliwa, ni karibu mizunguko minne ya uwanja wa riadha. Futi 1,000 ni sawa na majengo matatu ya KICC yaliyobebana.

Kwa nini umbali wote huo kutoka kwa wingu ambalo ni vitone vya maji tu? Kwa sababu ndani yake anaweza kuwamo mwenzako anayeruka kwa vyombo, naye hakuoni. Ndege inayokwenda kilomita 280 kwa saa huzimaliza zile mita 1,500 kwa sekunde zisizofika ishirini. Katika sekunde hizo anayeibuka winguni anapaswa kukuona, kutambua kuwa mnagongana, kuamua pa kukwepea, na kuigeuza ndege ambayo haigeuki kwa haraka kama pikipiki.

Jua nalo limo ndani ya sheria. Kuruka kwa macho ni kazi ya mchana, na wa usiku huwekewa masharti ya peke yake. Kakamega, iliyo karibu kabisa na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro mwaka mzima, na giza halichelewi kulifuata. Mheshimiwa anayeendelea kuhutubia saa kumi na mbili huku chopa yake ikimsubiri anamweka rubani wake mahali pabaya, hasa ikiwa wingu la saa tisa lilichelewa na ndiyo kwanza linafika.

Rubani hajui habari za wingu kwa kutazama tu. Vituo vya hewa vya viwanja vikubwa hutoa taarifa fupi iitwayo METAR, kwa kawaida kila saa au nusu saa, kwa lugha inayofanana na maandishi ya mganga. Chukua mfano huu wa kubuni wa Kisumu: HKKI 121300Z 24012KT 6000 TS SCT020 FEW022CB 24/19 Q1018. Mwenye kujua husoma hivi. Ni tarehe 12, saa 13:00 kwa saa ya kimataifa ambayo marubani huiita Zulu. Kenya imetangulia kwa saa tatu, kwa hiyo ukutani ni 16:00, na kwa Mswahili ni saa kumi. (Rubani anayezungumza Kiswahili huishi na saa za aina tatu kichwani, na ni ajabu kwamba hachanganyikiwi.) Upepo unatoka digrii 240, yaani kusini-magharibi, upande wa ziwa, kwa noti 12. Mwonekano ni mita 6,000. Kuna ngurumo. Mawingu yamefunika sehemu tatu au nne kati ya nane za anga, kwa kimo cha futi 2,000, na yako machache ya aina ya CB kwa futi 2,200. Joto ni nyuzi 24, na namba ya mwisho ni ya kanieneo ya hewa, ambayo rubani huiingiza kwenye kipimamwinuko ili chombo hicho kisimdanganye juu ya kimo chake.

Ukiipima taarifa hiyo kwa sheria peke yake, mtu anaweza kuruka kwa macho: mwonekano umepita kilomita 5, na mawingu hayajafunika zaidi ya nusu ya anga kiasi cha kuhesabiwa kuwa dari. Lakini herufi mbili, CB, zinatosha kumrudisha rubani mwenye akili kwenye kiti cha kusubiria. CB ni wingu la radi. Ndani yake upepo hupanda na kushuka kwa nguvu ya kuivunja ndege ndogo, mvua ya mawe hutoboa na kubonyeza bati la mabawa, na chini yake hewa baridi hushuka kwa ghafla ikaigandamiza ndege inayokaribia kutua. Hata ndege kubwa za abiria, zenye rada puani na ruhusa ya kuingia mawinguni, huzunguka wingu hilo kwa mbali. Ruhusa ya kuruka kwa vyombo haikuandikwa kwa ajili ya radi.

Na hapa ndipo magharibi mwa Kenya panapojitenga na sehemu nyingine za nchi. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba karibu 69,000, na lina tabia zake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huvuta unyevu kuupeleka bara. Kwa upande wa Kakamega unyevu huo hukutana na pepo zinazotoka mashariki, kisha ukakwama kwenye ukingo wa Nandi. Hauna pa kwenda ila juu. Kufikia alasiri wingu lililoanza kama fungu la pamba limepanda likapita kimo cha ndege nyingi za abiria, na mvua ya kila mwaka inayopatikana kwa mtindo huo hukaribia milimita 2,000. Ndiyo iliyoulea Msitu wa Kakamega, kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya aina ya Kongo.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, pepo hutoka bara kuelekea ziwani na kugongana katikati ya maji. Dhoruba za Ziwa Victoria hukomaa usiku na kufikia ukali wake kuelekea alfajiri, wakati Kakamega imelala chini ya nyota. Ziwa hilo hilo, basi, huwapa watu wa mashariki yake hatari ya alasiri, na walio juu ya maji na ng'ambo ya magharibi hatari ya asubuhi.

Bukoba, Tanzania, iko ng'ambo hiyo. Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa ikijaribu kutua huko katika mvua na upepo. Kiwanja cha Bukoba kimepakana na maji, na njia yake ya kurukia inaanzia karibu na ufuo. Ndege haikufika. Ilianguka ziwani mbele ya macho ya watu waliokuwa nchi kavu, na wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili.

Utabiri wa mvua ni kazi ya zamani katika nchi hii ya Waluhya. Kusini kidogo mwa Kakamega, huko Bunyore katika Kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi unajulikana kwa vizazi kama wajuzi wa mvua, wanaosoma miti inavyochipua, mienendo ya ndege wa porini na wadudu, na mwelekeo wa pepo. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya haikuwacheka. Wataalamu wake wamekaa nao na kulinganisha utabiri wa msimu wa pande zote mbili kabla ya kuutangaza kwa wakulima. Kwa rubani, hata hivyo, msimu ni mrefu mno. Yeye anataka kujua dakika arobaini zijazo.

Je, rubani wa macho akijikuta winguni, si ashikilie tu usukani sawasawa atokee upande wa pili? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1954 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Watu 20 waliojua kuruka kwa macho lakini hawakufunzwa vyombo walipandishwa kwenye ndege, wakazibiwa wasione nje, kana kwamba wameingia winguni. Wote 20 walipoteza udhibiti. Mmoja alishindwa baada ya sekunde 20. Aliyestahimili zaidi alifika sekunde 480. Wastani ulikuwa sekunde 178, yaani muda usiofika dakika tatu.

Kosa si la mikono, ni la sikio. Ndani ya sikio mna vifereji vyenye majimaji ambavyo humwambia mtu ameinama au amesimama wima. Ndege ikipinda taratibu, majimaji hayo hutulia, na mwili huamini kwamba umenyooka. Rubani akiinyoosha kweli, mwili humpigia kelele kwamba sasa ndiyo anapinda, naye huirudisha kwenye kosa. Mwenye kuona upeo wa macho hasumbuliwi na uongo huo kwa sababu macho humsahihisha papo hapo. Wingu humwondolea shahidi huyo.

Chombo kilichoundwa kuwa badala ya shahidi huyo ni kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Ni duara lenye nusu ya buluu juu na nusu ya kahawia chini, na mstari mweupe katikati, huku umbo dogo la mabawa likiwa limebandikwa mbele yake. Buluu ni mbingu, kahawia ni udongo. Ndani mna gurudumu linalozunguka kwa kasi na kwa hiyo halikubali kuyumbishwa, basi ndege ikiinama, mstari unabaki sambamba na ardhi halisi. Huo ndio upeo bandia. Septemba 24, 1929, huko New York, Jimmy Doolittle alifunikwa ndani ya chumba cha rubani asione nje, akaruka, akazunguka, akatua kwa kutumia chombo cha namna hiyo na mawimbi ya redio. Mwenzake alikaa kiti kingine ili aokoe mambo yakiharibika, ila hakuhitajika. Tangu siku hiyo wingu likaacha kuwa ukuta.

Lakini kuwa na chombo ni jambo moja, na kukitazama ni jambo jingine. Usiku wa Mei 5, 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways iliondoka Douala, Kamerun, muda mfupi baada ya saa sita usiku, baada ya kucheleweshwa na mvua ya radi. Nje palikuwa na giza tupu lisilo na upeo wa macho. Rubani aliamini kwamba mtambo unaoiongoza ndege bila mkono wa rubani umeshika kazi, kumbe haukuwa umeshika, na ndege ikaanza kulalia kulia polepole, kwa upole ambao mwili hauusikii. Vyombo vilionyesha. Hakuna aliyevifuatilia hadi king'ora kilipolia, na hapo usukani ukageuzwa upande ule ule wa kosa. Ndege iliangukia kinamasi cha mikoko kilomita 5.4 kutoka uwanjani, na watu wote 114 wakafa. Ripoti ya wachunguzi ilitaja kupotelewa na mwelekeo gizani na kutotazamwa kwa vyombo.

Karibu zaidi na Kakamega kuna ajali ya Juni 5, 2018. Cessna Caravan ya FlySAX iliondoka Kitale alasiri ikielekea Nairobi ikiwa na watu 10. Haikufika. Ukungu na mvua viliwachelewesha waokoaji, na mabaki yalionekana Juni 7 katika milima ya Aberdare, kwenye kimo cha karibu futi 11,000. Hakupona mtu. Wachunguzi walisema safari haikupangwa vya kutosha, na kwamba ndege iliruka kwa kanuni za vyombo, ndani ya mawingu, chini ya kimo cha chini kilichoandikwa kwenye ramani ya eneo lile, na tahadhari ya mtambo wa kuonya juu ya ardhi haikufuatwa mara moja.

Ajali hiyo inaonyesha jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui. Kuruka kwa vyombo nako kuna sakafu yake. Mahali penye milima, anayeruka kwa vyombo anatakiwa awe angalau futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu zaidi kilicho ndani ya kilomita 8 kutoka alipo. Mlima hauonekani kwenye upeo bandia. Chombo kitakuambia umenyooka vizuri kabisa, kimo chako hiki, mwendo wako huu, na mbele yako kuna jiwe.

Kati ya mafungu yale mawili, la macho na la vyombo, hatari kubwa imo kwa wale walio katikati: aliyeondoka kwa macho, anga likaanza kuzibika kidogo kidogo, naye akateremka chini ya wingu, akateremka tena, akitumaini kwamba mbele patafunguka. Kila hatua yaonekana ndogo. Dawa inayofundishwa marubani ni kugeuka digrii 180 na kurudi ulikotoka mapema, wakati nyuma bado kunaonekana. Ni dawa rahisi kuifundisha, na ni chungu kuinywa ukiwa na abiria waliolipa.

Maana kuna presha nyingine ambayo Idara ya Hali ya Hewa haina kipimo chake. Mkutano unaanza saa nane, maiti inasubiri mazishi, bwana mkubwa ana miadi Nairobi jioni. Aprili 10, 2006, ndege ya kijeshi aina ya Y-12 ilianguka karibu na mji wa Marsabit, mji wa mlimani unaojulikana kwa ukungu, ikiwa na viongozi waliokuwa wakienda kuhimiza amani. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Kati ya watu 17 walifariki 14, wakiwamo wabunge watano, mmoja wao Bonaya Godana aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Hakuna mkutano wa amani usioweza kufanywa kesho yake.

Kwa msomaji wa Kakamega, Vihiga au Bungoma anayepanga safari ya ndege ndogo, hesabu ni nyepesi: achukue ya asubuhi. Hewa bado ni baridi na nzito, ndege inapata nguvu ya kupaa upesi zaidi kuliko wakati wa joto la mchana katika kimo kile cha futi 5,000, na wingu la Nandi halijaanza kujikusanya. Aliye ng'ambo ya ziwa aulize hali ya maji kwanza kabla ya kufurahia mapambazuko. Na popote alipo, akiona rubani amesimama kando ya ndege yake, mikono mfukoni, akitazama mashariki bila kusema neno, asimwendee kumuuliza mara ya tatu wanaondoka saa ngapi. Aagize chai. Wingu la saa tisa kwa kawaida humwaga lake na kupita kabla ya jua kuzama, na likichelewa, kuna ndege ya asubuhi.